Barua ya wazi kwa wakubwa wa Nyanda za Juu Kusini: mnamsema mama kliniki, mwiko kashika bibi

Kamwene wakuu wangu. Nawasalimu wakuu wa mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na Rukwa, wakurugenzi wa halmashauri zote, maafisa lishe, pamoja na nyie mlioko TAMISEMI Dodoma, ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri, ambako taarifa zao zinafikia. Mimi ni mama ntilie, nauza chakula Mwanjelwa hapa Mbeya mwaka wa 14 sasa, nimezaliwa kijijini Mufindi nimeolewa Tukuyu, kwaio kama kuna mtu kala ugali wa pande zote hizi basi ni mimi. Barua ya kiofisi sijaandika tangu nimalize darasa la saba, mtanivumilia.

Kilichonisukuma ni mteja mmoja wa jumamosi. Dereva wa lori la mbao katoka Mafinga anaelekea Tunduma, yuko na mwanae wa kiume miaka minne hivi. Kaagiza ugali nyama, mtoto nikamwekea kisahani chake, ugali kidogo, maharage, mnafu na kipande kimoja cha nyama. Yule baba akaichukua ile nyama ya mtoto akaihamishia kwake, alafu mnafu akaniambia "toa tu mama, huyu hali majani, karithi kwangu" akacheka kwa raha kabisa kama vile nimemwambia mtoto kachukua pua yake. Mtoto akabaki na ugali na mchuzi, akanunuliwa na soda. Na msije mkadhani ni baba mbaya, alimnawisha mikono mwenyewe, alimpulizia tonge mpaka likapoa, yani anampenda mwanae haswa. Anamlisha vile alivolishwa yeye, basi.

Nimekaa na hilo neno karithi wiki nzima. Sababu nyie mnazo takwimu na mnazijua kuliko mimi, ule utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulisema Iringa watoto 57 katika kila mia walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yani ni wafupi kuliko umri wao, Njombe 50, Rukwa nao 50, wakati nchi nzima ni 30. Alafu cha kuumiza zaidi ni kwamba utafiti wa 2015 na 2016 Iringa ilikua 42, yani nchi inashuka sisi tunapanda. Sisi ambao mahindi yetu yanalisha watu mpaka nje ya nchi, sisi wa viazi, maharage, maziwa ya Rungwe, mchele wa Kyela na Mbarali, parachichi zinazopanda meli. Kila kiongozi akija na kipaza sauti anasema "haiwezekani mikoa yenye chakula kingi iwe na udumavu" alafu anawageukia kina mama. Hapo ndo nina ugomvi na nyie.

Mtoto wangu wa kwanza nilimpeleka kliniki ana miezi kumi, ule mstari kwenye kadi ukawa umelala badala ya kupanda. Nesi akanisema mbele ya foleni nzima, eti nyie mnauza mayai mnanunua vitenge, mtoto humpi chakula mchanganyiko, umeelewa au hujaelewa. Nikasema nimeelewa. Na kweli nilielewa, mpaka leo naweza kuwatajia makundi ya vyakula bila kuangalia popote. Nikarudi nyumbani Tukuyu, kwa mama mkwe, jikoni kwake. Jamani niambieni, mkamwana ana miaka 20, hana hata mwaka mmoja na nusu kwenye huo mji, aanze kumwambia mama aliyelea watoto saba kwamba uji wako mama haufai? Nilijaribu kwa mbali. Akanijibu kwa upole tu, "mwanangu, huyo mumeo unaemwona hivo kakua kwa uji huu huu". Baba mkwe ndo usiseme, kwa Wanyakyusa zamani mkamwana na baba mkwe hata kuonana uso kwa uso ilikua mwiko, sasa mimi ndo niende nikamwambie habari za mayai na maziwa yasiuzwe yote? Elimu ile yote iliishia getini.

Na uji wenyewe ulikua hivi, sembe nyeupe, maji, chumvi, sukari ikiwepo. Ukiupika mzito mtoto hawezi kumeza, ukiuongeza maji ukawa mwepesi tumbo linajaa maji, tumbo la mtoto wa miezi kumi ni dogo mno. Mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni tukitoka shamba, wakati mtoto wa umri ule inabidi ale mara tatu mpaka nne na vitu vya katikati. Na ile sembe mnajua ilivo, mashine imeshatoa kiini na pumba, mafuta na vitamini vimeenda huko, pumba tunawapelekea kuku na nguruwe. Kuku anakula pumba anataga yai, yai linaenda mjini, sisi tunabaki na unga mweupe. Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, hawautaki, niwaambie ukweli kama mfanyabiashara, nilijaribu kupika ugali wa dona pale gengeni miezi miwili nikapata hasara, watu wanasema dona ni chakula cha jela na cha bweni, mtu akishatoka shule akapata hela yake anataka ugali mweupe kama pamba. (Na dona yenyewe inataka mahindi yaliyokauka na kutunzwa vizuri, yakiota ukungu kuna sumukuvu, hilo nalo halisemwi vya kutosha.)

Sasa kuna kitu kinaniuma kila nikikumbuka. Bibi yangu Mufindi alikua anapika komoni, pombe yetu ya kienyeji, ndo ilimsomesha mama yangu. Alikua analoweka ulezi, anaufunika mpaka unachipua, anauanika, anausaga, hicho ndo kimea. Kimea kinakaa kwenye kibuyu juu ya kichanja, sisi watoto ukikigusa unachapwa maana ni mali ya pombe. Miaka mingi baadae nikaja kusikia kwamba kijiko kidogo tu cha kimea ukikitia kwenye uji mzito unalainika palepale, unakua wa kunywa bila kuongeza maji, mtoto anapata unga mwingi zaidi kwenye kikombe kilekile. Na wataalam wetu wenyewe wa Tanzania walikua wanakifundisha miaka ya 1980! Kibuyu kilikua juu ya kichwa changu mimi nanywa maji meupe. Bibi angeambiwa na mtu anayemheshimu, kwa lugha yake, angefanya kesho yake, maana utaalam wa kimea alikua nao kuliko hao wataalam. Hakuna aliyemwambia. Semina aliitwa mama yangu.

Mayai nayo. Nilivokua na mimba mama mkwe akanikataza mayai, mtoto atazaliwa kipara. Akasema pia nisile sana mtoto asije akawa mkubwa nikashindwa kujifungua. Nikashtuka maana bibi yangu Mufindi maneno yaleyale alikua anayasema, na hawa watu wawili hawajawahi kukutana, mmoja Mhehe mwingine Mnyakyusa. Sio kwamba ni wajinga, kuzaa mtoto mkubwa kijijini bila gari bila hospitali ya karibu ilikua kifo, walikua wanawalinda mabinti zao kwa walichonacho. Ila sa hivi kuna bodaboda na kituo cha afya na sheria ya mayai bado iko palepale imekaa.

Nina mtoto wa dada yangu anasoma mambo ya lishe pale chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro, akija likizo ananisaidia kuosha vyombo na kunipa somo bure. Ananiambia mtoto wa kike akiwa tumboni mayai yake yote yanatengenezwa humohumo kabla hajazaliwa. Yani bibi akiwa na mimba ya mama yako, lile yai ulilotokana nalo wewe tayari lipo, liko kwenye tumbo la bibi linakula anachokula bibi. Nilikaa chini kwanza. Akaniambia tena Marekani kuna utafiti ulitoka 2001, wajawazito waliokunywa juisi ya karoti watoto wao baadae wakapewa uji wenye ladha ya karoti wakaupokea vizuri kuliko wengine, maana ladha ya chakula cha mama inafika kwenye maji ya uzazi na kwenye maziwa. Na Uholanzi kwenye ile njaa ya vita ya 1944 na 1945, watoto waliokua tumboni kipindi kile walivokua watu wazima wakaonekana na shida ya sukari mwilini kuliko wasiopitia njaa ile tumboni. Kwaio mtoto anazaliwa ameshaanza kujifunza kula. Anavofika mezani kwangu na baba yake anasema hali majani, ndo anamaliziwa somo tu. Huyu binti anasema mtoto anaweza kukataa mboga mara nane mara kumi ndo aizoee, sisi tunampa mara mbili akitema tunasema hapendi, alafu tunaitangaza kwa majirani mpaka na yeye anaamini.

Kwangu mwenyewe nisijitoe. Binti yangu mdogo akiwa na miaka sita nilimkuta nyuma ya nyumba na wenzie wanacheza kibaba na mama, wamepika matope kwenye vizibo na makopo. Nikasimama kimya. Anagawa, "hii nyama ya baba, hii firigisi ya baba, hii ya kaka, nyie watoto mchuzi huu hapa, mama atakula baadae". Mama atakula baadae! Hakuna mtu aliyemfundisha hayo kwa mdomo. Ni mimi, kila siku nikiwa nimesimama na mwiko. Udumavu na mambo ya mjamzito kukosa damu yanaanzia kwenye huo ugawaji wakuu wangu, chakula kipo sufuriani, kinagawiwa kwa cheo.

Na msidhani ni watoto tu. Baba yangu mzazi alikua na presha, dokta akamwambia apunguze chumvi. Mama akaanza kupika sufuria mbili, yetu na ya baba. Ya baba ikaitwa chakula cha mgonjwa. Mzee alijisikia kama kashushwa cheo kwenye nyumba yake, akawa anatembea na chumvi kwenye karatasi mfukoni, anakula huku anatuangalia. Alipata kiharusi, akakaa miaka miwili kitandani, akaondoka. Sisi tuliobaki hakuna aliyepunguza hata punje maana sisi sio wagonjwa. Mwaka jana nimepimwa mimi, presha. Nina miaka 41. Nikajichunguza jikoni, sufuria ya maharage natia chumvi kwa vidole vitatu mara nne, mkono unachota wenyewe kabla sijafikiria, na ni vidole vya bibi kabisa, alikua anachota hivohivo, ila yeye alikua analima na kutoka jasho kutwa nzima mimi nimekaa kwenye stuli naangalia simu. Wataalam wanasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, ni kijiko kidogo cha chai kimoja, chakula chote cha siku humo. Kwenye sahani yangu moja ya ugali maharage na kachumbari sijui kama haikufika. Utafiti wa nchi wa 2012 ulikuta mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha, sasa hivi sitaki hata kubahatisha, wateja wangu wanameza vidonge vyao hapahapa kwa maji yangu alafu wananiambia mama niongezee chumvi.

Nimesema nina ugomvi na nyie, ila kuna mambo mawili serikali ilishafanya huku kwetu yakafanikiwa nami nimeyaona.

La kwanza rovu, ule uvimbe wa shingo. Bibi yangu alikua nalo, kubwa, na wanawake wengi wa rika lake pale kijijini, ardhi yetu ya milimani haina madini joto. Tulikua tunadhani ni kitu cha ukoo. Miaka ya 1990 chumvi ikaanza kuwekwa madini joto kwa sheria, na leo wanangu hawajui rovu ni nini. Hakuna mama aliyesemwa kwenye foleni. Mlibadilisha mfuko wa chumvi dukani, yakaisha. Sasa unga mbona mmeishia nusu? Tangu 2011 kuna kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga na mafuta, ila zinawabana wenye viwanda vikubwa, huku kwetu nani anakula unga wa kiwanda kikubwa, tunapeleka debe letu mashine ya mtaani. Vile vifaa vya kuchanganyia virutubishi vya mashine ndogo vipo, naombeni viwafikie wenye mashine wa Makambako, Ilula, Mbalizi, Vwawa, na virutubishi vyenyewe visiwe na bei ya kumkimbiza mtu.

La pili ni la kwenu Iringa, na nasikitika vijana wengi ofisini hawalijui. Mwaka 1983 serikali na UNICEF na WHO, kwa hela ya Italia, walianza mradi wa lishe kwenye vijiji 168 vya mkoa wa Iringa, enzi hizo Njombe bado ilikua humohumo. Mama yangu anaukumbuka. Kila miezi mitatu watoto wanapimwa uzito hadharani, kijiji kizima kipo, wazee wapo, mwenyekiti yupo, kinababa wapo, na baada ya kupima haulizwi mama wa mtoto, kinaulizwa kijiji, huyu mtoto kwanini kapungua, mama yake anarudi shamba saa ngapi, nani anabaki nae, uji anapewa mara ngapi. Ndo zikazaliwa sehemu za kuwalisha watoto mchana wakati mama zao wako shamba. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka watoto 6 katika mia mpaka chini ya 2 ndani ya miaka minne tu. Mizani ya kuning'inia kwenye mti na maneno. Sasa hivi tuna maafisa lishe wenye digrii na vishkwambi na kwa utafiti ule wa 2022 Iringa ni ya kwanza kwa kudumaa Tanzania nzima.

Najua mtaniambia kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Ipo, nimehudhuria nikiwa likizo Mufindi. Walikuja kina mama 23 na watoto mgongoni, mtaalam akabandika bango la makundi ya vyakula kwenye ukuta wa ofisi ya kata, lina picha ya samaki mkubwa ambaye pale kijijini hajawahi kufika akiwa mzima, akasoma, tukapika uji wa unga uliotoka nao kwenye gari, tukapiga picha, wakasaini posho wakaondoka. Bibi mmoja alipita pale na kuni zake akasimama kidogo kuangalia. Hakuna aliyemkaribisha. Yule ndo angekaa mbele! Yule ndo anayebaki na wajukuu mama zao wakienda kuchuma chai, ndo anayeamua uji uwe mzito au mwepesi, ndo mwenye sheria ya mayai.

Kwaio ninachoomba ni kwamba muwaite mabibi, kwa jina lao, na wao ndo wapike, kwa mboga zao, mnafu, majani ya maboga, maharage, dagaa wa Nyasa wa kusaga, kimea chao, mtaalam akae pembeni aongezee pale panapopungua. Muwafuate kinababa waliko, nyie mnajua waliko, saa kumi jioni wako kilabuni kwenye ulanzi na komoni, muuza kilabu mwenyewe akipewa maneno matatu ya kusema juu ya firigisi na yai yatafika kuliko bango. Mashuleni ule mchango wa chakula wa wazazi usiishie kununua mahindi na maharage tu, bustani iwepo na watoto wale walicholima, mtoto aliyekula figiri shuleni miaka saba hawezi kusema kwa mwanae kwamba ukoo wetu hatuli majani.

Na hela. Wakuu wa mikoa mlisaini mkataba wa lishe mwaka 2017 mbele ya Mama Samia akiwa Makamu wa Rais, mkasaini tena 2022 yeye akiwa ndo Rais. Halmashauri zilitakiwa kutenga angalau shilingi 1000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka. Mimi ni mtu wa biashara ya chakula, elfu moja pale kwangu hupati hata wali maharage, na hiyo ni ya mwaka mzima. Hata hivo iwepo, itoke yote, na kwenye mbao za matangazo za vijiji iandikwe kwamba kijiji hiki kina watoto kadhaa, imekuja shilingi kadhaa, imenunua hiki. Ikiishia kwenye mafuta ya gari na chai ya kikao tuone pia imeandikwa.

Mama mkwe wangu yupo bado, ana miaka 78. Mtoto wangu wa tatu ndo alimlea yeye, nilimtuma kliniki yeye mwenyewe na mtoto, mimi nikabaki gengeni, nikamwomba nesi mmoja wa Kinyakyusa amweleze yeye kama mwenye mtoto. Alirudi amekaa wima kwenye bajaji kama diwani. Wiki ileile kuku wawili wakasimamishwa kuuziwa mayai, "hawa ni wa mtoto". Mpaka leo akija Mbeya ananiuliza wateja wangu wadogo wamekula mboga au nimewaachia baba zao.

Nipo gengeni kila siku kuanzia saa 12 asubuhi, jumapili ndo nafunga. Mkija sitawatoza, ila ugali nitawapikia wa dona. Na hiyo siku ya lishe ya kijijini kwetu msipange tena jumatano, jumatano ni gulio, watu wote wanashuka.

Mama ntilie,
Mwanjelwa, Mbeya